Siku Kumi na Sita Zilizozidi

Jumanne, tarehe 14 Machi 2006, saa nne na dakika kumi asubuhi, Debra Wangu Mbugua aliandika jina lake katika daftari la wageni la jengo moja la ofisi kwenye Barabara ya Argwings Kodhek, Hurlingham. Mwandiko wake ni wa mtu aliyezoea kuandika vipimo: herufi ndogo, zimenyooka, hazigusani. Kwenye safu ya sababu ya kuja aliandika: pensheni ya baba.

Debra, ambaye nyumbani huitwa Wangu, ana miaka arobaini na saba. Kwa miaka kumi na miwili alishona sare za shule katika kibanda cha mabati karibu na stendi ya Uthiru, na wako wanawake mtaani ambao hadi leo huyapindua marinda ya sketi za binti zao kuonyesha mshono wake. Kabla ya hapo alikuwa ameolewa Nakuru. Ndoa ilipovunjika mwaka wa 1993 alirudi kwa wazazi wake na mtoto mmoja, Shiku, na cherehani moja. Shiku sasa yuko chuoni Eldoret. Cherehani iko chini ya kitanda, imefunikwa shuka tangu Desemba.

Ilifunikwa kwa sababu tarehe 10 Desemba 2005 baba yake, Haron Mbugua, karani mstaafu wa idara ya mifugo kule Kabete, alianguka akifunga kamba za viatu. Ana miaka themanini na mmoja. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne kabla. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia na sauti yote. Hospitali ilikaa naye siku tisa, ikamrudisha nyumbani, na daktari akamwambia Debra aitayarishe familia. Ni suala la wiki kadhaa, alisema.

Debra hakutayarisha mtu. Alichukua karatasi ya kaki ya kukatia mitindo, akaibandika ukutani juu ya kitanda cha baba yake, akaichorea mistari kwa chaki ya fundi. Saa. Upande. Amekula nini. Kila baada ya saa mbili alimgeuza, akaandika. Karatasi ilipojaa alibandika nyingine kando yake. Muuguzi wa dispensari aliyekuja Januari alimfunua mzee mgongo akitafuta vidonda, hakuona hata kimoja, akamfunua tena.

Pensheni ndiyo iliyomtoa nyumbani. Katika benki moja katikati ya jiji, msichana wa kaunta alimwambia kwamba mwenye akaunti lazima afike mwenyewe.

“Hawezi kusimama,” Debra alisema.

“Basi mlete kwa kiti.”

“Hawezi kuongea.”

“Basi leta barua ya wakili.”

Wakili ambaye Debra alielekezwa kwake na wanawake wa kanisa ni Peres Oloo, mwanamke wa makamo aliyekulia Siaya na ambaye kwa miaka kumi na tisa amefanya kazi ya aina moja tu: wosia, mirathi, na karatasi za wazee wasioweza tena kwenda benki au kutia sahihi. Ofisi yake iko ghorofa ya chini, kwa makusudi. Viti vya wateja vina mikono, kwa sababu mtu wa miaka themanini huhitaji kitu cha kushika anapoinuka.

Jambo la pensheni lilichukua dakika kumi. Ikiwa akili ya mzee ni timamu, alisema wakili, anaweza kumpa binti yake idhini kwa alama ya kidole gumba. Ikiwa si timamu, itabidi kwenda mahakamani. Kisha akauliza swali ambalo huuliza kila anayeketi mbele yake.

“Mzee ana wosia?”

Debra alitabasamu. Hilo alikuwa amekuja nalo tayari. Alitoa kwenye mkoba daftari la shule la kurasa thelathini na mbili, limefungwa ndani ya karatasi ya nailoni, akaliweka mezani kwa mikono miwili.

Katika ukoo wake, kauli ya mwisho ya mzee husemwa. Huitwa kirumi, na anayeivunja hubeba laana. Jumamosi, tarehe 26 Novemba 2005, siku tano baada ya kura ya maoni kuhusu katiba, Haron alikuwa bado mzima wa viungo ila kifua kilimsumbua, naye akahisi wakati umefika. Aliita watu kumi na mmoja sebuleni mwake: watoto wake wawili, ndugu wa ukoo, wazee watatu wa kanisa na jirani aliyekuwa mwalimu. Wanaume waliingia wakiwa bado wanataniana nani alipigia ndizi, alama ya ndiyo, na nani alipigia chungwa, alama ya hapana. Haron aligonga bakora sakafuni mara moja, wakanyamaza.

Maneno yake yamo katika daftari kama mwalimu alivyoyanakili. “Kiarie nilimpa shamba la kule Kikuyu mwaka wa themanini na nane. Aliliuza, akajenga kwake Kitisuru. Sikumlaumu. Nyumba hii na ploti yake ni ya Wangu. Alirudi hapa mikono mitupu, na tangu arudi sijalala njaa. Mtu asimtoe.”

Kiarie ni kaka yake Debra, mkubwa kwake kwa miaka mitano, mwanakandarasi wa majengo. Alikuwepo. Mwalimu ameandika jibu lake: “Nimesikia, baba.”

Chini ya maneno hayo kuna sahihi saba na alama nne za vidole. Ya Kiarie ni ya kwanza, ya Debra ya pili. Ya Haron haipo. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyeona kasoro. Kwao, anayesema hatii sahihi. Sahihi ni ya wanaosikia, ili kesho wasikane. Kumsogezea mzee kalamu baada ya kauli kama ile kungekuwa sawa na kumwambia usoni kwamba neno lake halitoshi.

Peres Oloo alisoma ukurasa huo mara mbili. Mara ya pili alikuwa akitafuta kitu kwa kidole.

“Sahihi ya mzee iko wapi?”

“Yake haipo. Yeye ndiye aliyesema.”

“Basi huu si wosia wa maandishi, Mama Shiku. Ni wosia wa mdomo, na hizi ni kumbukumbu zake.”

“Si ni sawa tu? Watu kumi na mmoja walisikia.”

“Sheria inataka wawili. Kwa watu mmezidisha.” Wakili aliinua kalenda ya mezani, akarudisha nyuma kurasa. “Tatizo ni tarehe. Wosia wa mdomo unasimama ikiwa aliyeusema atafariki ndani ya miezi mitatu.”

“Na asipofariki?”

“Unaanguka.”

“Lakini yuko hai.”

“Ndiyo. Ndiyo sababu.”

Debra anasema hakuelewa kwanza. Alidhani wakili amekosea mpangilio wa maneno, kwa kuwa Kiswahili si lugha yake ya nyumbani. Akamwomba arudie. Wakili alirudia, polepole, neno kwa neno.

Miezi mitatu ilikwisha Jumapili ya tarehe 26 Februari. Siku hiyo, kwa mujibu wa karatasi ya ukutani, Haron Mbugua alikula bakuli zima la uji na nusu ya ndizi ya kupondwa. Kando ya maandishi hayo Debra alichora kinyota, alama aliyokuwa akiiweka siku ambazo baba yake amekula vizuri. Tangu siku hiyo hadi asubuhi aliyoingia Hurlingham zilikuwa zimepita siku kumi na sita.

Wakili alimweleza kilichobaki. Mzee akifariki bila wosia mwingine, mali yake itagawanywa sawa kwa watoto wawili. Ploti ni thumuni ya ekari, na nyumba imesimama katikati. Hakuna mstari utakaoipita bila kukata sebule. Kwa kawaida, alisema, huishia kuuzwa, au mmoja humnunua mwenzake. Debra hana cha kununulia. Kiarie anacho. Oktoba iliyopita alikuja na mtu mwenye futi ya chuma, wakapima kutoka lango hadi ua wa nyuma, akasema ni mazoea tu ya kazi, mkono ukikaa bure unawasha. Upande ule wa Waiyaki Way kila aliye na ploti anajenga vyumba vya kupangisha, orofa nne, tano.

“Kwa hivyo nilimtunza vibaya,” Debra alisema.

“Ulimtunza vizuri mno,” akajibu Peres Oloo, na papo hapo akaweka mkono mdomoni. Kazini mwake amewahi kuletewa hati za bandia, na wajane waliofungiwa nje ya nyumba zao siku ya maziko. Anasema hajawahi kumwambia mtu kwamba uji ndio uliomkosesha nyumba, na kwamba hakujua atazame wapi ndani ya ofisi yake mwenyewe.

Debra alikuwa tayari ameinuka, amelifunga tena daftari ndani ya nailoni, ndipo alipokumbuka Januari. Akakaa.

Katikati ya Januari mzee alipata nimonia. Kiarie, ambaye tangu mwaka mpya alikuwa amefika Uthiru mara moja, alikuja na gari lake saa moja asubuhi, akambeba baba yao mabegani, akampeleka hospitali ya watu binafsi, akalipa kila kitu. Alileta godoro la hewa. Alileta maziwa ya unga ya makopo. Alipiga simu kila siku, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale: “Jikaze, Wangu. Mzee afike Machi tu.”

Debra alikuwa ameyachukulia kama maneno ya kutia moyo. Kanisani alisimama siku ya ushuhuda, akamshukuru Mungu kwa kumgeuza moyo kaka yake.

Sasa, katika kiti chenye mikono, alimwuliza wakili: je, mwanakandarasi anaweza kuijua sheria hiyo ya miezi mitatu? Wakili alisema yeyote aliyewahi kushughulikia mirathi anaweza kuijua. Kiarie ndiye aliyesimamia mirathi ya baba mkwe wake, mwaka wa 2003, kortini, hadi mwisho.

Debra alirudi Uthiru kabla ya saa saba. Mwanamke jirani aliyekuwa amemshikia zamu alimwambia mzee ametulia. Debra alipasha uji, akaketi kando ya kitanda, akaanza kumlisha. Haron, akimwona, aliinua upande wa mdomo unaoinuka. Hilo ndilo tabasamu lake siku hizi. Kijiko cha tatu au cha nne, anasema Debra, alijikuta anahesabu. Januari ilikuwa nimonia. Laiti gari lingechelewa. Februari kulikuwa na siku mbili baba alipokosa hamu ya kula. Tarehe ishirini na nne, ishirini na tano. Angalifariki tarehe ishirini na tano…

Alikiweka kijiko. Alitoka hadi kwenye tangi la maji nyuma ya nyumba, akafungua mfereji, akaosha mikono kana kwamba alikuwa ameshika kitu. Hakumwambia mtu jambo hilo kwa wiki mbili. Mgeuzo wa saa nane siku hiyo haukuandikwa ukutani. Ni pengo la pekee katika karatasi sita.

Peres Oloo alifika Uthiru Jumamosi, tarehe 18 Machi. Mlangoni alisema jambo lililomshtua Debra upya. Mzee, ikiwa akili yake ni timamu, bado anaweza kuweka wosia wa maandishi, kwa kidole. Lakini mteja atakuwa yeye.

“Si mimi ndiye niliyekuja kwako?”

“Wewe ulikuja kwa pensheni. Wosia ni wake. Ada itatoka kwake, siri itakuwa yake. Na siku hiyo hutakuwa chumbani.”

“Nisipokuwa chumbani nani atakwambia anasema nini?”

Hilo lilikuwa swali la haki. Wakili alivuta kiti hadi kitandani, akajitambulisha, akamwuliza Haron kama anajua leo ni siku gani.

“Anajua,” alisema Debra. “Anasema Jumamosi.”

“Mzee, unao watoto wangapi?”

“Wawili. Umeona alivyofanya jicho? Ni wawili.”

“Mama Shiku,” wakili aliuliza bila kugeuka, “nani anasema? Yeye au wewe?”

Debra alirudi nyuma hadi mlangoni. Wakili alirudia maswali, na Haron akalala tu akiutazama mlango aliposimama binti yake. Baada ya robo saa hakuwa amefanya ishara hata moja ambayo mgeni angeweza kuiapia mahakamani. Peres Oloo alianza kukusanya karatasi zake. Anasema alikuwa tayari ameanza kutunga, kichwani, sentensi ya kumwambia Debra kwamba haitawezekana.

Wakati huo kinyozi akabisha hodi. Anaitwa Zedekiah, mtu wa Vihiga, ana kibanda chake cha kunyolea mkabala na kituo cha mafuta, na kila Jumamosi huja na beseni, sabuni na wembe kumnyoa mzee nyumbani kama alivyokuwa akimnyoa kwenye kiti kwa miaka tisa.

“Guka, sasa?” alisema, akimwita babu kwa Kikuyu huku akitandaza taulo. “Leo umenuna. Nani ameiba mbuzi yako?”

Haron aliinua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, akakielekeza kwake.

“Mimi? Uongo! Mbuzi yako imekonda, ningeiba ya nini?” Kinyozi alipaka povu. “Haya, masharubu. Naacha ama natoa?”

Akasubiri. Wembe ulikuwa umeinuliwa, na mtu huyo alisubiri tu, akipiga mluzi wa chini, muda mrefu kiasi kwamba Debra alifungua mdomo ajibu. Ndipo kidole kikagonga shuka mara mbili.

“Anasema niache. Kugonga mara moja ni toa, mbili ni acha. Na akiweka kiganja hivi, bapa kama chapati, hapo hataki hiyo maneno kabisa.” Alianza kunyoa. “Wiki iliyopita tulibishana karibu nusu saa juu ya mpira.”

“Nusu saa?” Debra aliuliza. “Na yeye? Na baba?”

“Sasa ningebishana na nani mwingine humu, Mama Shiku?”

“Mbona mimi hanigongei?”

Zedekiah alifuta wembe kwenye taulo. Hakuonekana kutaka kumuumiza. “Wewe unamwuliza, halafu unajibu. Mimi nina wembe mkononi. Lazima nisubiri.”

Debra anasema maneno hayo yalimwingia kuliko yote aliyoambiwa Hurlingham. Miezi mitatu na zaidi alikuwa amejua, au amedhani anajua, kila anachotaka baba yake. Alikuwa amejaza karatasi sita. Hakuna mahali, katika karatasi zote sita, pameandikwa jambo ambalo Haron alilikataa.

Wakili aliweka mkoba wake chini tena. Alimwuliza Zedekiah kama ana udugu wowote na familia hii, kama amewahi kuahidiwa chochote na mzee. Kinyozi alisema aliahidiwa mbuzi, mwaka wa 2001, akaona ile mbuzi, akasamehe. Haron aliinua upande wa mdomo.

Siku iliyopangwa ilikuwa Jumanne, tarehe 28 Machi, saa nane mchana. Walioingia chumbani walikuwa watatu: wakili, Zedekiah, na daktari wa wazee kutoka mjini aliyekuja kupima akili ya mgonjwa kwanza, kisha kuwa shahidi wa pili. Wakili alikuwa amebeba funguo za nyumba, ramani ndogo ya ploti, na picha mbili, ya Debra na ya Kiarie, zote za ukubwa mmoja, ili mzee aonyeshe kwa kidole. Alimwomba Debra atoke hadi langoni na mlango ukafungwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Desemba mlango huo kufungwa yeye akiwa nje.

Kiarie alifika dakika tano baadaye. Hakuwa ameitwa. Aliliacha gari barabarani, mlango wazi.

“Wangu! Unaleta wakili kwa baba na mimi naambiwa na majirani?”

“Ameletwa na baba.”

“Baba hawezi hata kufukuza nzi!”

“Anaweza kubishana na Zedekiah. Nimeona.”

Kiarie alishika kitasa cha lango, akakiachilia. Hakuingia. Debra alikuwa ameketi juu ya jiwe la kufulia, mikono magotini. Alimwuliza bila kuinua sauti.

“Uliniambia nijikaze afike Machi.”

“Eh. Na si amefika?”

“Machi ya nini, Kiarie?”

Kaka huyo ana simulizi yake, na ameirudia bila kubadilisha neno: daktari wa hospitali alimwambia kwamba baada ya kiharusi miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi. “Desemba hadi Machi. Hesabu mwenyewe. Hiyo ndiyo Machi yangu. Wewe yako ni ipi?”

“Ya tarehe ishirini na sita Februari.”

Hakuuliza tarehe hiyo ni ya nini. Debra anasema hilo ndilo aliloliona. Kiarie anasema hakuuliza kwa sababu alikuwa amekasirika, na kwamba mtu aliyebeba baba yake mabegani hapaswi kuhojiwa langoni kama mwizi wa kuku. Yote mawili yanawezekana.

“Unanishtaki kwa kumlipia baba hospitali?” alisema.

“Sikushtaki. Mimi nimehesabu pia.” Debra alimtazama sasa. “Nilikuwa namlisha, nikahesabu siku ambazo angekufa ndiyo nibaki na nyumba. Nilizipata. Zilikuwa nyingi.”

“Wangu, usiseme hivyo.”

“Nimesema.”

“Nyamaza basi. Nyamaza, watu wanapita.”

Alikaa chini kwenye ukingo wa mtaro, na suti yake, umbali wa hatua mbili kutoka kwa dada yake. Jirani aliyepita na ndoo aliwaamkia, akajibiwa na wote wawili kwa pamoja.

Mlango ulifunguliwa saa tisa kasoro dakika kumi. Daktari alitoka wa kwanza, akasema mgonjwa anajua mwaka, anajua watoto wake, anajua alicho nacho, na kwamba amechoka. Zedekiah alitoka akiwa na povu kwenye mkono wa shati. Mzee, alieleza, alikataa kuweka kidole mpaka anyolewe, ijapokuwa haikuwa Jumamosi. Wa mwisho alikuwa Peres Oloo, na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa gundi na kupigwa mhuri kwenye mshono.

Kiarie alisimama. “Amesema nini?”

“Ameweka kidole gumba cha kushoto mbele ya mashahidi wawili. Alichosema hataki kisemwe.”

“Na yeye?” alimwonyesha Debra. “Yeye ataambiwa?”

“Hapana.”

“Mimi ndiye niliyemgeuza siku zote hizi,” alisema Debra. Hakuwa analalamika. Alisema kama mtu anayesoma kitu ukutani.

“Najua. Nilimwuliza mara tatu kama nikwambie. Mara zote tatu aliweka kiganja.”

Kinyozi aliangalia viatu vyake.

“Sasa nyumba ni ya nani?” Kiarie aliuliza.

“Ni ya Haron Mbugua,” alisema wakili. “Yuko hai.”

Kile alichokisema Haron Novemba, akiwa na sauti, kilisikiwa na watu kumi na mmoja na hakina nguvu tena. Kile alichokigonga kwa kidole Machi kinajulikana na watu watatu, na wote watatu wamefungwa midomo. Huenda ni maneno yaleyale. Huenda si yale. Debra anasema usiku na mchana alidhani anaijua akili ya baba yake kama anavyoujua mfuko wa aproni yake, na sasa hathubutu kubahatisha.

Jioni hiyo Kiarie aliingia ndani kwa mara ya kwanza tangu Januari. Alisimama mbele ya karatasi za kaki, akazisoma kuanzia juu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alipofika kwenye kinyota cha tarehe 26 Februari kidole kilisimama. Kisha akaendelea. Alipoondoka aliacha makopo mawili ya maziwa mezani, na Debra akayaweka kabatini pamoja na mengine.

Bahasha iko katika kabati la chuma Hurlingham. Itafunguliwa Haron Mbugua atakapofariki, watoto wake wote wawili wakiwepo, si kabla. Idhini ya pensheni, iliyowekwa kidole siku hiyohiyo, itapelekwa benki wiki ijayo. Zedekiah atakuja Jumamosi. Saa kumi na mbili jioni Debra atamgeuza baba yake upande wa kushoto. Kabla ya kumgeuza atamwuliza, na atasubiri kidole.